Kobe Haji Ofisini

Msimamizi wa wahariri alikuwa mama wa makamo, ulimi mkali, moyo laini. Wahariri wake sita walisahihisha vitabu vya shule, kila mtu akiwa kwake, na saa tatu asubuhi wakikutana kwenye kompyuta. Watano walionekana sura. Wa sita, kijana waliyempachika jina la Kobe kwa mwendo wake wa taratibu, alisikika sauti tu; kamera hafungui ng'o. Lakini kurasa zake zilirudi hazina hata doa.

Mkurugenzi akatoa amri: mwezi ujao wote warudi ofisini. Msimamizi alifurahi. Alikuwa amechoka kuzungumza na kioo cha kompyuta. Alizitamani zile siku ambazo mtu akikwamia neno anamgeukia jirani, nalo linapatikana kabla chai haijapoa. Watano wakaitikia. Kobe akaandika, "Samahani, bosi. Sitaweza." Basi.

"Huyu ananificha kitu," alimlalamikia mumewe. "Labda ana ajira mbili."

"Kuuliza si ujinga. Nenda kamwone."

Alhamisi mchana akapiga hodi. Kobe akafungua mlango, taulo begani, akaduwaa.

"Bosi! Karibu... samahani, pamevurugika."

Kilikuwa chumba kimoja. Meza ya kompyuta imebanwa ubavuni mwa kitanda, na kitandani ameketi bibi mwembamba, kaegemea mito, miwani puani, upande mmoja wa uso umelegea.

"Shikamoo, mama," msimamizi akasema.

Bibi akainua mkono wa kushoto.

"Kiharusi kilimchukua mama yangu ulimi," Kobe akaeleza, "ila macho na akili vipo. Alifundisha lugha miaka thelathini. Bosi, nipe dakika mbili nimalize ukurasa."

Akakaa. Msimamizi akaona kioo cha kompyuta kimegeuzwa kuelekea kitandani. Mara bibi akagonga ukingo wa kitanda kwa kijiko: ko!

"Wapi, mama? Mstari wa nne?"

Ko!

Kobe akasoma kwa sauti: "'Wanafunzi walikwenda kudhuru makumbusho.'"

Msimamizi alikuwa ameupitia ukurasa huo mara mbili. "Mungu wangu! Wakazuru, wasidhuru! Tungewapeleka watoto wa watu kubomoa!" Wakacheka wote watatu, bibi akicheka kwa mabega.

Kisha Kobe akainamisha kichwa. "Hapendi kuonekana alivyo sasa. Nami niliogopa ukijua tunafanya kazi wawili, utasema nimekudanganya. Nikija ofisini, bosi, akigonga nani atamsikia?"

Msimamizi akavua viatu, akavuta kigoda. "Lete sura inayofuata. Nitasoma mimi."

Alisoma mpaka jua likapinda. Aligongewa mara tatu.

Kesho yake alimkabili mkurugenzi. "Kobe abaki kwake."

"Ukimwachia mmoja, wote watataka."

"Basi tumuulize kila mmoja ana nini nyumbani. Hatujawahi kuuliza."

Walibishana kutwa. Mwishowe wakakubaliana: ofisini siku mbili kwa wiki, kwa anayeweza.

Kitabu kilipokaribia kuchapwa, msimamizi alirudi kwa Kobe na ukurasa wa majina ya wahariri. Alikuwa ameongeza jina la saba. Bibi akalitazama kwa muda mrefu. Akaomba kalamu kwa ishara, akaishika kwa mkono wa kushoto, na mbele ya jina lake akaandika, herufi zikiyumba: Mwalimu.

Kikachapwa hivyo hivyo.