Mirija Sita ya Bwana Harusi

Mayai kumi na manne, yote matupu. Barafu aliyamulika moja moja kwa tochi kwenye kile chumba kisicho na dirisha, akayageuza, akayamulika tena, kama mtu anayetafuta funguo kwenye mfuko uleule mara ya tano. Siku ya saba yai lenye kitu linaonyesha mishipa myekundu kama miguu ya buibui. Haya yalikuwa yanawaka njano tu. Ya kukaanga.

"Vipi, mkunga?" Mama Mabanda, mlishaji wa kuku wa kituo cha uzalishaji, alichungulia na ndoo ya pumba mkononi. "Tumepata watoto?"

"Tumepata kifungua kinywa."

Akacheka, halafu akamwona uso, akaacha.

Barafu walimwita hivyo kwa sababu ndiye mtunza mtungi wa baridi. Kazi yake ni kukamata majogoo, kuvuna mbegu, kugandisha. Ila mbegu walizotiwa matetea waliotaga mayai haya hazikuwa za jogoo hivihivi. Zilikuwa za Bwana Harusi, jogoo wa mama yake mzazi: shingo tupu, kifua mbele, anatembea kama anakwenda kupigwa picha. Mama alikuwa na ukoo ule tangu hajaolewa. Ugonjwa ukaingia uani, siku nne tu ukafagia wote mpaka vifaranga. Bwana Harusi akapona kwa sababu Barafu alikuwa kamwazima, yuko kituoni anavunwa. Miezi miwili baadaye uzee ukamchukua na yeye. Kilichobaki duniani ni mirija kumi na miwili ya mbegu zake, myembamba kama kijiti cha peremende, imezama kwenye naitrojeni, baridi ambayo ukichovya kidole ukiage kabisa. Sita ndiyo hii wameshaitumia.

Na mama kila siku anapiga simu. "Bwana Harusi kasemaje?"

"Bado, mama."

Daktari, mkuu wa kituo, alitazama trei ya mayai kwa sekunde mbili. "Zimekufa hizo. Kesho toa mirija sita iliyobaki, mwaga. Mtungi una foleni."

"Sawa, daktari." Hata kubisha kulimchosha.

Akaenda kuosha vyombo. Pale kwenye friji, nyuma ya sindano, akaiona chupa ya maji ya kusafishia mbegu. Kizibo bado kina foili. Haijafunguliwa.

Akavuta stuli, akakaa.

Mbegu ya jogoo haigandishwi kavukavu, inatiwa glisirini ili isipasuke kwenye baridi. Lakini glisirini hiyohiyo ikiingia ndani ya tetea, ni sawa na kumpa dawa ya uzazi wa mpango. Kwa hiyo ukishayeyusha, unaosha: unatia maji yake polepole, unazungusha kwenye mashine, unamwaga ya juu, ndipo unakwenda kwa kuku. Kila mtu pale anajua. Barafu mwenyewe ndiye anawafundisha wageni.

Siku ile ya kuwatia matetea mbegu alikuwa na siku ya tisa kazini peke yake, mwenzake yuko likizo, majogoo thelathini tangu alfajiri, macho yana mchanga. Akayeyusha, akachungulia kwenye hadubini, akaona zinaogelea kama zimechelewa kazini. Furaha ikampanda, akatoka mbio mpaka mabandani. Hakuosha.

Akinyamaza, hakuna atakayejua. Mbegu zilikufa, basi. Akisema, mwaka jana alishaacha naitrojeni ikashuka mpaka zikaharibika mbegu za wiki nzima, na Daktari alimwambia waziwazi: likija la pili, unakabidhi funguo. Kazi pekee anayoijua.

Simu ikaita. "Kasemaje?"

"Mama, nitakupigia."

Akaichukua ile chupa, akaenda akaiweka juu ya meza ya Daktari.

"Sikuosha."

"Hukuosha nini?"

"Glisirini. Mbegu hazikufa. Niliziharibu mimi mwenyewe na akili zangu."

Daktari akavua miwani. "Barafu! Hilo kosa la mtu wa wiki ya kwanza."

"Najua. Nifukuze, lakini usizimwage."

"Nikufukuze, halafu majogoo nikamate mimi na mgongo huu?" Akanyoosha mkono. "Lete funguo ya mtungi."

Akampa. Ilikuwa nyepesi, na bado mfuko ulibaki unaning'inia kana kwamba imo.

"Kesho saa tisa alasiri unaosha mbele yangu. Ukimaliza, unahamia mabandani."

Kesho yake akaosha, tone kwa tone, Daktari kamsimamia kama askari. Ndipo wakazipeleka kwa matetea.

Wiki mbili baadaye alikuwa anakwangua kinyesi bandani Mama Mabanda alipomvuta shati. "Wewe, acha hiyo. Yamefika siku saba."

Mayai kumi na moja. Tisa yakawaka njano. Mawili yakaonyesha miguu ya buibui, myekundu, na katikati kidoa kinachorukaruka.

"Mkunga!" Mama Mabanda akampiga bega. "Mbona hufurahi?"

"Nimefurahi, shangazi. Nipishe nikae."

Akakaa juu ya gunia la pumba, nguo zinanuka, akapiga simu.

"Kasemaje?"

"Wawili, mama."

Akasikia mama anajipangusa pua.

"Wana shingo tupu?"

"Mama, ni mishipa tu. Hata hiyo shingo bado hawana."