Siku ya Kumleta Tojo

"Siku ile Ralambo atalewa kabla wapiga tarumbeta hawajafika," Bakoly alisema, akisokota hariri pajani. "Atacheza mpaka suruali imvuke."

"Aliyelewa ni mdogo wake," Volahanta akamjibu kutoka kwenye mtande wa nyuzi aliokuwa akiufuma, miguu ameinyoosha chini. "Ralambo alilia tu. Tena alilia vibaya, kamasi mpaka kidevuni."

"Shoga, kamasi umeongeza wewe."

Walikuwa wakibishana juu ya siku ambayo haijafika.

Tauni ilimchukua Tojo, mwana pekee wa Volahanta, mwanzoni mwa mvua. Watu wa afya, waliojifunika mpaka macho, walimtia kwenye mfuko wa plastiki, wakamfukia pamoja na wenzake katika shimo moja nyuma ya machinjio na kumwaga chokaa juu. Sheria ilikuwa wazi: aliyekufa kwa tauni haingii kaburi la ukoo mpaka miaka saba ipite, ndipo hufukuliwa na kuletwa kwa sherehe. Basi wanawake hawa wawili, majirani na wafumaji tangu usichana wao, wakahamia kimawazo mwaka wa nane. Sisi wa Imerina husema siku zijazo hutujia kutoka mgongoni. Mtu huona zilizopita tu, kwa kuwa ndizo zilizo mbele ya macho yake. Wao waliivuta ile siku kwa nguvu, wakaiweka mbele, wakawa wanaikumbuka. Walikumbuka wali ulioloa mafuta ya nguruwe. Walikumbuka Tojo alivyobebwa mabegani kulizunguka kaburi, amevikwa sanda hii hii iliyokuwa mtandeni, na alivyolazwa kando ya baba yake. Waligombana kama watu waliokuwepo.

Ya leo hayakutazamika. Sokoni watu waliziba pua wakipita meza ya Volahanta. "Hariri ya nyumba ya tauni hiyo," walisema, wala hawakujisumbua kunong'ona. Wengine alikuwa amewafumia sanda za mama zao, na bei akawapunguzia.

Asubuhi hiyo Ralambo akaja, kaka wa marehemu mume wa Volahanta, mwenye ufunguo wa kaburi la ukoo. Alisimama mlangoni.

"Hodi, shemeji."

"Karibu ndani."

"Hapa panatosha." Akaivua kofia, akaivaa tena. "Msimu wa baridi tunamgeuza babu, tumtoe kaburini na kumvika upya. Sanda yake imechakaa, na mafundi wengine wamekimbilia kwa ndugu zao. Nimeona yako inakaribia kumalizika."

"Hii ni ya Tojo."

Ralambo akakohoa.

"Usikohoe hapa," Bakoly akamwambia. "Watakuja kukubeba."

Ralambo hakucheka. "Tulikaa kikao, shemeji. Ukoo umesema Tojo haingii. Si baada ya miaka saba, si baada ya sabini. Watoto wetu ndio watakaoingia humo kuwatoa wazee, nani atakubali? Ile nafasi kando ya baba yake tumempa shangazi."

"Mbona hamkuniita?"

"Ungelia."

Ralambo si mtu mbaya. Ndiye aliyemfundisha Tojo kuendesha baiskeli, akikimbia nyuma yake ameshika kiti mpaka pumzi ikamwishia. Lakini hofu ikishaingia kwenye ukoo, yenyewe ndiyo huwa mwenyekiti wa kikao.

Volahanta aliitazama nguo. Ilibaki shubiri moja tu.

"Kumbe hariri yangu haina tauni," alisema. "Mwanangu ndiye aliye nayo."

"Shemeji, usinitie maneno mdomoni."

"Nikutie nini? Umekuja nayo yote."

Akachukua kisu, akaukata mtande kabla nguo haijatimia, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu mama yake amfundishe kazi. Akaikunja, akamwekea Ralambo kizingitini.

"Mvike babu. Yeye hana kosa. Na nafasi yangu humo kaburini, mpeni mwingine."

Hapo Ralambo akavuka mlango. "Usilitamke hilo! Mume wako yumo humo! Utalala wapi, porini kama mbwa?"

"Jirani na mwanangu."

Ralambo alingoja Volahanta alifute neno lake. Hakulifuta. Ralambo akainama, akaichukua sanda, akaondoka akiwa ameikumbatia kwa mikono miwili.

"Umempa nguo ya Tojo!" Bakoly alikuwa analia waziwazi. "Siku ile tutamvika nini, mwenzangu? Tutamvika nini?"

"Siku ile imeshapita, Bakoly. Na Tojo ana mfuko wa serikali. Hauozi."

Mchana Volahanta alikwenda nyuma ya machinjio peke yake. Mlinzi, mzee mwenye barakoa aliyoishusha kidevuni, alikuwa amekaa juu ya debe akila muhogo.

"Baba, hawa walilazwa kichwa upande gani?"

Mzee aliacha kutafuna. "Mama, walishushwa tu. Kila mtu alivyoangukia."

Kwetu hata kitanda cha aliye hai kina upande wake wa kichwa. Volahanta alilizunguka lile shimo lililofukiwa, polepole, mpaka akapata sehemu tupu ambako chokaa ilikomea, inayomtosha mtu mmoja. Akavua kofia yake ya ukindu. Akalala chali, kichwa akakielekeza machinjio, mikono ubavuni, akatulia kidogo. Kisha akaketi, akajigeuza, akalala tena, kichwa upande wa pili.