Fimbo ya Ndani ya Hita

Siku ya tatu mfululizo maji ya moto ya hita yakatoka mekundu, Bibi Consolatha akakunja miguu yake iliyovimba, akasema yeye hakandwi kwa tope, hata likiwa limepashwa moto. Honorata, bintiye, hakubishana. Alikuwa ametoka zamu zahanati, na nguvu za kubishana alikuwa ameziacha huko. Lakini mama asipokandwa asubuhi na jioni hainuki kitandani, na kuchemsha maji kwa mkaa juu ya kazi ya unesi Honorata hakuweza tena. Akamwita fundi Mudrick kutoka Bungu.

Mudrick alikinga maji kwenye beseni mbili nyeupe. Bomba la baridi likatoa maji safi. La moto likatoa chai ya rangi.

"Ugonjwa hauko mtaani, dada. Uko ndani ya tangi la hita."

Akazima umeme, akafunga maji, akamwaga maji ya tangi, akapanda ngazi na spana. Nati ikagoma. Akaisema kwa Kindengereko mpaka ikalegea. Alichochomoa kilikuwa waya mtupu, kama mwiba wa samaki aliyekwisha kuliwa.

"Hii ilikuwa fimbo nene kuliko kidole gumba. Kazi yake ni kuliwa. Kutu inaila hiyo, tangi linasalimika. Mlibadilisha lini?"

"Kumbe inabadilishwa?"

"Inabadilishwa, dada. Ikiisha, kutu inahamia kwenye tangi. Bahati yenu, bado halijatoboka. Kesho naleta nyingine."

Honorata akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, waya mkononi. Kifungua mimba, nesi, hana mume: hayo matatu yaliwatosha ndugu zake kumwachia mama, mwaka wa sita huu, nao wakarudi makwao. Richard, mdogo wake wa Morogoro, kila Jumapili hupiga simu kumsifu. Sifa hazikandi mguu. Alikuwa amechoka, na ana hasira, na siku hiyo hakuona haya kuwa na hasira. Akachukua simu.

"Richard, Jumamosi njoo umchukue mama. Mwaka huu zamu yako."

"Lakini dada, nesi si wewe? Halafu umeshazoea."

"Nimezoea. Ndiyo maana nakupigia kabla sijatoboka."

Juu ya ngazi Mudrick, aliyekuwa akikwangua kutu tunduni, akashusha spana.

"Jumamosi saa ngapi?" Richard akauliza.