Kasha la Namba Nne

Mwaka 1996 Yasinta, muuza mitumba wa Gulwe, alinunua kasha la chuma la kuwekea fedha, linalofunguka kwa kubonyeza namba nne. Akiogopa kuzisahau, aliwagawia majirani wanne sokoni, kila mmoja namba moja. Soko zima lilijua.

Jumanne kasha likaibwa, majirani wasijue. Kesho yake kijana mgeni akawapitia wale majirani, akidai ametumwa na Yasinta. Watatu wakampa namba zao. Wa nne, Bibi Stumai, muuza karanga, akamkazia macho.

“Mbona huniamkii?”

“Nina haraka, bibi.”

Bibi akamkokota kwa shati hadi kwa Yasinta.

“Unanitumia watu wasio na adabu!”

“Sijamtuma mtu, bibi!”

Kijana akakiri wizi, akawapeleka kichakani nyuma ya stesheni. Kasha lilikuwa zima, halijafunguliwa. Yasinta akalikumbatia, akalia.