Kila Kitu Nane

"Kitendawili!" Bibi alisema, mguu ukiwa bado kwenye pedeli ya cherehani.

"Tega."

"Hana macho, lakini anasoma."

Mjukuu wake, binti wa chuo, hakucheka. "Wangu analo jicho, na hasomi."

Wake ilikuwa kompyuta iliyokaa mezani katikati ya vipande vya vitambaa. Binti alikuwa ameifundisha kutambua tarakimu zilizoandikwa kwa mkono: aliionyesha maelfu ya picha za tarakimu alizopewa chuoni, ikikosea anairekebisha, kama fundi anavyofumua na kushona tena. Kesho mwalimu angeijaribu kwa mwandiko wake mwenyewe. Ikishindwa, binti angerudia mwaka.

Bibi aliandika tatu kwenye karatasi, akaiinua mbele ya kamera ya kompyuta. Jibu likatokea kwenye skrini.

*Nane.*

Akaandika moja.

*Nane.*

"Mke mwenzangu, mwanao umemlisha nane tupu?"

"Bibi, usinitanie leo! Picha za chuoni anazipatia zote."

Hapo Bibi akawashwa na udadisi. Kwao anajua, kwetu hajui, ana nini huyu? Karatasi ilikuwa imejaa, basi akashika chaki yake nyeupe ya kuchorea nguo, akachora tano kwenye suruali nyeusi iliyokuwa mapajani, akaiinua.

*Tano.*

Nusura aangushe chaki. Akachora mbili. *Mbili.* Sita. *Sita.*

"Ee! Kumbe anapenda suruali za watu!"

Binti alikwisha kufungua picha za chuoni. Zote zilikuwa tarakimu nyeupe juu ya weusi. Akajishika kichwa. "Nimemlea gizani, halafu namletea karatasi nyeupe. Anadhani ule weupe wote ndio wino!"

Akaandika amri ya kugeuza rangi za kila picha. Tatu ya karatasi ikasomwa tatu. Binti akashangilia, lakini Bibi, mkono haumtulii, akainua tena suruali.

*Nane.*

"Haya. Na mwalimu akiandika ubaoni?"

Vigelegele vikakatika. Binti alitafuna kucha, akaitazama karatasi, akaitazama suruali. "Aangalie kona ya picha kwanza," alisema polepole. "Kona ikiwa nyeupe, ageuze. Ikiwa nyeusi, aache."

Akaiandika amri hiyo. Wakajaribu karatasi, wakajaribu suruali, kila moja ikasomwa sawasawa, mpaka suruali ya mteja ikawa kama ubao wa darasa la kwanza.

Kesho yake jioni Bibi alikuwa bado anaipiga brashi suruali hiyo binti alipoingia mbio, viatu mkononi.

"Bibi! Mwalimu ameandika ubaoni!"

"Na wako akasoma?"

"Zote, nimefaulu! Ila saba ya mwalimu imemshinda."

"Ina nini?"

"Imevaa mkanda, kimstari katikati."

Bibi akaitupa brashi, akaitafuta chaki. "Hebu mlete hapa nimwonyeshe saba zenye mkanda."