Beji Isiyovaliwa na Mtu

Tulimwita Bwana Sifuri, na jina lenyewe alilipenda. Kila mwisho wa mwezi alikusanya beji zetu za mionzi, akazipeleka maabara kusomwa, kisha akapita na majibu huku anacheka: wewe sifuri, na wewe sifuri, na wewe dada yangu sifuri. Tulimtania kwamba hata shuleni alizoea alama hizohizo.

Kazi yangu ni kusimama kando ya daktari katika chumba cha eksirei, anapoifuata mishipa ya moyo wa mgonjwa kwa picha zinazotembea. Mionzi haionekani, haiumi, hainuki. Inayojua umepata kiasi gani ni punje ndogo tu, kama ya mchele, iliyofungwa ndani ya beji. Nilipopata mimba, baada ya kuharibikiwa na nyingine mbili, nilipewa beji ya pili ya tumboni, nikaivaa ndani ya aproni nzito ya risasi, ile metali inayozuia mionzi. Niliomba nihamishwe. Mkuu wa idara akaniuliza nihamishwe kwa lipi, na majibu yangu yote ni sifuri na watu wenyewe hawatoshi. Nikabaki.

Mume wangu aliusubiri mwisho wa mwezi kuliko mimi. Ni seremala, mtu wa vipimo, haamini kitu mpaka kipimwe. Akisikia sifuri, chakula kinashuka.

Basi wakaja mafundi rangi. Ofisi ya Bwana Sifuri ikahamishiwa jengo la pili, meza, droo na vyote. Majibu ya mwezi ule yaliporudi, hakuna mtu wa chumba chetu aliyepata sifuri, wala tumbo langu halikupata. Tukamwambia rangi imemlevya. Yeye hakucheka.

Kesho yake alinikuta natundika aproni, akaniomba niketi. Alinieleza polepole, kana kwamba mimi ni mgeni wa kazi, kwamba kila mwezi kuna beji moja isiyovaliwa na mtu. Hiyo hukaa mbali na mashine, ipate kile kidogo tu ambacho dunia yenyewe hutoa. Maabara hukiondoa hicho kwenye hesabu zetu, na kinachobaki ndicho tulichokipata kazini. Yeye, kwa uangalifu wake wote, aliitunza kwenye droo isije ikapotea. Droo ilikuwa imeegemea ukuta wa chumba chetu, na ukuta ule, kumbe, upande huo haukutiwa risasi. Tulipopigwa mionzi sisi, na yenyewe ilipigwa. Kisha maabara wakaondoa yake kwenye yetu, ikabaki sifuri. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako; chetu sisi kilikuwa kwenye droo, kimefungiwa kwa ufunguo.

"Kwa hiyo mwanangu amepata kiasi gani?" nikamuuliza.

"Sijui, dada."

Nikamwambia azirudishe punje zile zisomwe upya. Hilo nalijua fika kwamba haliwezekani, lakini nililisema. Punje husomwa kwa kupashwa moto. Inatoa mwanga wake, mashine inauhesabu, na papo hapo inakuwa mpya, haikumbuki chochote. Maabara nayo huweka jibu la mwisho tu.

"Ninayo hesabu ya mwezi huu," akasema. "Ile miezi ya mwanzo, mtoto anapoumbwa, ndiyo sina."

Nilitamani kumzaba kofi. Nilimchukia, na nilimchukia zaidi alipoanza kulia, maana hata kilio alinitangulia. Maji yakimwagika hayazoleki, na sisi hatukujua hata yalikuwa ndoo au kikombe.

Daktari wa wajawazito aliniambia huenda ni kidogo, wengi huzaa salama, tusubiri. Maneno hayo nayajua, ndiyo ninayowaambia wagonjwa wangu kila siku, na wao hunishukuru. Mimi sikumshukuru. Hata akizaliwa mzima, kila homa yake nitaiuliza imetoka wapi, na hakuna homa itakayonijibu.

Mume wangu alikuwa uani anapiga randa mbao za kitanda cha mtoto. Nilimweleza yote, na beji, na droo, na ukuta. Alisikiliza bila kunikatiza, randa mkononi.

"Ni nyingi au kidogo?"

"Sijui."

"Kisia tu."

"Siwezi kukisia, mume wangu. Hata mwezi huu haunipi pa kuanzia, wagonjwa hawalingani kila mwezi."

Akaiweka randa chini. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo.

"Wewe ndiye mwenye kazi hiyo," akasema. "Usipojua wewe, nikamuulize nani?"

Nilimfikiria kila mtu ninayemjua pale hospitalini, mmoja mmoja, na sikupata wa kumtajia.