Askari Anayerudi Manga

Ishan angekwambia, ukimpa nafasi, kwamba askari wa Afrika Mashariki waliopigana Burma walivaa kofia pana yenye ukingo, wala si tarbushi. Angekwambia hata usipompa nafasi. Ndivyo alivyokuwa huyu mwana wa duka la sare za shule mjini Kisii, mtu mzima na ndevu zake, aliyependa wanajeshi wa plastiki wasiozidi urefu wa kidole kuliko alivyopenda chakula.

Mvua ya alasiri ilipoanza kupiga mabati na wapita njia kukimbilia barazani, yeye aliketi nyuma ya marobota ya vitambaa, brashi mkononi, akazama. Harufu ya rangi ilichanganyika na harufu ya kaki mpya. Mlio wa cherehani ukaenda mbali, ukawa mto ambao hajawahi kuuona, na wale askari mezani wakaanza kupumua polepole, wakiuvuka ule mto bunduki zikiwa juu ya vichwa. Mteja alikohoa weee kabla Ishan hajarudi duniani.

Kilichomuudhi ni masanduku ya hao wanajeshi. Aliyaagiza kutoka ng'ambo, na ndani mlikuwa na Wajerumani wa kila namna, Waingereza, Wajapani, hata Wahindi wenye vilemba vilivyochongwa mkunjo kwa mkunjo. Mwafrika hamna. Ungedhani vita ile ilimpita akiwa amelala! Basi Ishan akawatengeneza mwenyewe: kiwiliwili cha huyu, kofia ya yule, uso akauchonga upya kwa wembe, kisha rangi.

Gladys, fundi wa cherehani aliyekuwa dukani tangu Ishan akinyonya, aliyaona hayo yote huku akishona. Siku moja akaondoa mguu kwenye pedali.

"Ishan, huyu mwenye kofia ni wa Burma?"

"Ndiyo, Anti. Mwaka wa arobaini na nne."

"Babu yangu alipotelea huko. Mama alikuwa bado tumboni." Akakata uzi kwa meno. "Hatuna picha, hatuna kaburi. Bibi alizikwa kwetu Manga, na nafasi ya bwanake kando yake iko wazi mpaka wa leo. Sasa mama amezeeka, anasema hawezi kufa na amani kama babake hajalala nyumbani. Nitengenezee mmoja, tumzike huyo."

Ishan alijawa na fahari hadi masikio yakamwaka moto. Maisha yake yote hakuna mtu aliyewahi kumwomba askari. Alimtengeneza kama hajawahi kutengeneza mwingine: goti moja chini, bunduki begani, vifungo mahali pake, kijani cha sare kimepauka kwa jua na mvua, tope la Burma kwenye buti. Nadhani hata mama mzazi wa yule askari asingepata pa kumkosoa.

Jumapili wakapanda Manga, yeye na Gladys, boda boda ikinguruma ndani ya ukungu hadi wakahisi wako juu ya mawingu. Orpah, mamake Gladys, alimpokea askari kwa mikono miwili. Akamsogeza mlangoni penye mwanga, akamtazama mpaka chai ikapoa.

"Anafanya nini?"

"Analenga adui, Mama."

"Bado?"

"Bado nini, Mama?"

"Bado anapigana? Vita viliisha mimi sijaota meno." Akamrudishia taratibu, bila hasira. "Mwanangu, siwezi kuzika mtu ameinua bunduki. Atapumzika aje? Niletee yule anarudi nyumbani."

Ishan akaanza kueleza. Kwenye masanduku kuna wanaofyatua risasi, wanaokimbia, wanaotambaa, wanaorusha mabomu, wanaoanguka. Anayerudi nyumbani hayupo. Halafu, kwa ule ugonjwa wake wa usahihi, akaongeza, "Na tena, Mama, yeye hakurudi."

Alitamani aimeze kauli yake papo hapo.

"Najua hakurudi," Orpah akasema. "Nimejua hivyo tangu nipate akili. Hiyo sikukuuliza."

Ishan akateremka Kisii na moyo mzito. Kutengeneza kitu ambacho hakikutokea, kwake, ilikuwa sawa na kuuza kitambaa chenye tundu kwa bei ya kizima. Akamwaga masanduku yake yote juu ya meza ya kukatia, akawapanga jeshi kwa jeshi. Mamia ya wanaume, na kila mmoja alikuwa na mtu wa kuua. Wote utadhani walizaliwa vitani na huko huko ndiko kwao. Yeye aliyejua idadi ya mifuko kwenye mkanda wa kila mmoja, hili hakuwahi kuliona. Akaona haya, tena sana, akashika tama.

Mvua ikaanza. Cherehani ya Gladys ikaenda mbali kama kawaida, lakini safari hii hapakuwa na mto. Palikuwa na kijia cha Manga kati ya migomba iliyolowa. Mtu alikuwa akipanda, blanketi limekunjwa begani, buti zimefungwa kamba na kuning'inia shingoni, nyayo peku kwenye udongo mwekundu. Alikuwa akitazama nyumba moja baada ya nyingine, hana hakika ni ipi. Ishan akataka kumwita. Alipozinduka alikuwa ameshika wembe, na bunduki ya yule askari ilikuwa imeshakatwa.

Siku ya kumpeleka, Nyangau, kakake Gladys, alikuwa amechimba shimo dogo kando ya kaburi la bibi yao. Majirani wachache wamesimama, wimbo wa kanisani umeshachaguliwa. Orpah, ndani ya gauni lake la ibada, akamtoa askari kwenye kijisanduku, sasa yuko wima, mguu mmoja mbele. Akagusa zile buti za shingoni. Akagusa zile nyayo.

"Tata," akaita.

Baba huyo alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, na binti yake alikuwa na mvi kichwa kizima. Orpah akaacha Kiswahili, akazungumza kwa Kigusii, chini kwa chini, na Gladys akamnong'oneza Ishan, "Anamwambia amekawia sana."

Wimbo ukaimbwa ukaisha. Nyangau akashika jembe. Orpah hakusogea. Ishan akaingiwa na hofu.

"Nimekosea tena, Mama?"

"Hujakosea. Lakini si huyu anatembea?"

"Anatembea, ndiyo. Anarudi nyumbani, kama ulivyotaka."

"Basi amefika. Nani huzika mtu amefika kwa miguu yake?"

"Mama, watu wanangoja," Gladys akasema.

"Hata yeye amengojwa. Wewe injika maji, aoshe miguu."

Akaondoka na babake kiganjani, akaingia ndani. Watu wakatazamana. Nyangau akakaa kidogo ameegemea jembe, halafu akaanza kurudisha udongo shimoni. Ishan akapiga magoti na suruali yake nzuri, akamsaidia kwa mikono, machozi yakimtiririka wala hakuyaficha. Kutoka ndani ya nyumba walimsikia Orpah akimtajia baba yake majina ya watu wa boma hilo, mmoja mmoja, akianza na lake mwenyewe, kwa sababu hata hilo hakuwahi kulisikia.